Hong Kong kwa Senti Chache

Makala za "jiji ghali kwa fedha kidogo" zina msuko mmoja, na ukishasoma tatu umezisoma zote. Msafiri anafika, anatajiwa bei ya chumba, anashika kichwa. Aya ya pili anagundua siri: kivuko, tramu, bakuli la tambi za kando ya njia, kilima cha kupanda bure. Aya ya mwisho ameshinda. Hong Kong imeandikwa hivi mara nyingi mno.

Siri zenyewe si uongo. Tramu, zilizo kisiwani tangu 1904 na sasa za ghorofa mbili, hutoza nauli moja, ushuke kituo cha pili au ushuke mwisho wa reli, na nauli hiyo haifiki nusu dola ya Marekani. Unapandia nyuma, unalipia mbele ukishuka. Takriban asilimia 40 ya ardhi ni hifadhi za vilima na misitu zisizo na kiingilio. Aliyekaa juu kabisa, mbele, dirisha wazi, mabango ya maduka yakimpita karibu ayaguse, ana haki ya kufurahi. Ninachogombana nacho ni namna furaha hiyo inavyosimuliwa: unafuu kama kitu kilichodondoka kutoka mbinguni, mgeni mjanja akakiokota.

Chukua kivuko cha Star Ferry, kipenzi cha makala hizi zote, kinachosifiwa kama safari ya anasa kwa bei ya karanga. (Mvukaji wa Likoni, ambaye kwa miguu halipi hata senti, amebanwa kati ya mkokoteni na gunia la viazi, atacheka kidogo.) Mwaka 1966 nauli ya daraja la kwanza ilikuwa ipandishwe kwa senti tano. Mwezi Aprili kijana mmoja, So Sau-chung, alikaa gatini akagoma kula, koti lake limeandikwa maneno ya kuwaita wengine wajiunge naye. Akakamatwa. Zikafuata siku za ghasia Kowloon. Mtu mmoja akafa na zaidi ya 1,000 wakatiwa mbaroni. Daraja la kwanza, angalia, si la pili. Lakini mkazi wa kipato kidogo hahitaji kufundishwa kwamba bei ikianza kupanda juu, haikawii kushuka kumtafuta aliye chini. Hilo katika makala za bajeti silikuti, ingawa lingechukua sentensi mbili tu.

Jengo la Chungking Mansions hutendewa vibaya zaidi. Lilijengwa 1961 katika barabara ya Nathan, ghorofa 17, limejaa nyumba za wageni na vibanda vya simu na pilau. Makala huliwekea maneno machache: vyumba rahisi, shika mkoba wako. Filamu ya Wong Kar-wai ya 1994, Chungking Express, ililipa umaarufu, nami naipenda, ila Wahindi waliomo humo ni wa kubebeshwa dawa za kulevya na mwanamke mwenye wigi la rangi ya dhahabu, kisha hadithi inawaacha.

Aliyekaa nao ni Gordon Mathews, mwanaanthropolojia wa huko huko Hong Kong. Katika Ghetto at the Center of the World (2011) anapekua madaftari ya nyumba za wageni na kuhesabu mataifa 129. Anakadiria pia kwamba huenda simu moja katika kila tano zilizokuwa zikitumika Afrika kusini mwa Sahara zilipita jengoni humo. Yaani yupo msomaji wa ukurasa huu ambaye simu yake ya kwanza, ya Kariakoo au ya Luthuli, pengine ililala Chungking kabla yake. Mathews huirudia nadharia yake ya utandawazi wa ngazi ya chini hadi inachosha. Lakini anawaachia wafanyabiashara na waomba hifadhi kurasa wajieleze wenyewe, na hapo chumba kisichotosha hata kufungulia begi kinaacha kuwa kioja. Kinakuwa tarakimu katika hesabu ya mtu, pamoja na nauli ya ndege na kilo za mzigo.

Sasa twende Central siku ya Jumapili. Wafanyakazi wa nyumbani, wengi wao wanawake wa Ufilipino na Indonesia, ni zaidi ya 300,000 katika jiji hili. Kanuni zinawataka waishi nyumbani kwa mwajiri, na sheria inawapa siku moja ya kupumzika kwa wiki. Hawana chumba cha kumkaribishia rafiki. Basi wanatandika maboksi chini ya jengo la HSBC, kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, wanasukana, wanacheza karata, wanagawana wali, wanafunga vifurushi vya kutuma kwao. Kama kuna watu wanaojua kulifurahia jiji ghali kwa fedha kidogo, ndio hawa, tena hawana tiketi ya kurudi wiki ijayo.

Mmoja wao alipata kamera. Xyza Cruz Bacani alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Hong Kong, kama mama yake, akipiga picha za mitaani katika saa zake za mapumziko. Kitabu chake, We Are Like Air, kilitoka 2018. Nakiweka juu ya orodha yoyote ya "mambo kumi ya bure". Anayetazama ni mtu ambaye saa ya kurudi inampigia, na jiji la mtu huyo halifanani na la mgeni mwenye siku nne.

Yangu ni kusubiri kitabu kama hicho kwa Kiswahili, kutoka kwa dada wa Mombasa au Tanga aliyefanya kazi Muscat: Ijumaa yake, kama aliipata, aliipeleka wapi, na kwa shilingi ngapi.