Wimbo na Mizani

Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15, aliacha wimbo uitwao Vaishnava Jana To, ambao Gandhi aliutia katika sala zake. Wahindi wengi walionunua pamba Usukumani walitoka katika nchi ya lugha hiyo; basi wimbo huu wastahili kupimwa Shinyanga kama upimwavyo Gujarat.

Sifa ya kwanza ya mcha Vishnu, kwa mshairi huyu, ni kuyajua maumivu ya watu. Msomaji mwepesi aweza kudhani kuwa utumishi umefuta ibada na masomo. Sivyo. Mshairi ataka pia ulimi mkweli na moyo usio na majivuno, navyo havipatikani bila mtu kukaa faraghani na nafsi yake.

Lakini maumivu ya nani? Usukumani swali hilo lilikuwa na uzito wa ratili. Malalamiko ya wakulima juu ya mizani za wanunuzi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizozaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mnunuzi aliyeimba jioni akiwahurumia jamaa zake tu, na mchana akampunja mkulima, hakuuelewa wimbo wake. Neno alilotumia mshairi, parai, maana yake ni cha mwingine, kisicho chako.

Hapo ndipo masomo yanapohitajika: humfunulia mwimbaji maana ya neno analoliimba. Ibada humpa moyo wa kulikubali, na utumishi hulithibitisha mbele ya mizani.