Fundi Anayeanza na Brashi

Kichwa cha Canter kimelazwa mbele, injini iko wazi, lakini haionekani. Kinachoonekana ni tope jeusi: oili iliyovuja kwa miaka, vumbi la barabara za mashambani likanata juu yake, kisha oili nyingine ikavuja juu ya vumbi. Chini ya tope hilo kuna 4D33, dizeli ya silinda nne, lita 4.2, iliyokwisha kubeba mahindi, mbao na matofali tangu madereva wengi wa leo hawajazaliwa. Saa ya kilomita ilikufa zamani. Mwenye gari amekuja na jibu lake mfukoni: injini inakula oili, ifunguliwe, itiwe pistoni na ringi mpya. Fundi, mzee anayefanyia kazi uani kwake mjini Morogoro, amemsikiliza mpaka mwisho, kisha ameomba siku mbili na sabuni ya unga.

Injini imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Hilo ni sharti, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Anachomoa waya wa betri, wa hasi kwanza. Altaneta na stata anazifunika kwa nailoni na kuzikaza kwa vipande vya tyubu. Mdomo wa bomba la hewa anauziba kwa kitambaa safi, na kifuniko cha oili anakijaribu kwa kidole kuona kama kimebana. Asubuhi inakatika bado hajagusa tope.

Halafu anakwangua. Hatumii bisibisi, maana bisibisi huchubua aluminiamu na mabomba. Anatumia kipande cha mti mgumu alichokichonga ncha bapa. Anakwangua kutoka juu kwenda chini, na kila tope linaloanguka analibonyeza kati ya vidole. Lililokauka likawa gumu ni la uvujaji wa zamani. Laini linalong'aa ni la juzi. Mchanga aliomwaga chini unapokea kila kitu, na baadaye atauzoa wote. Oili chafu anaitenga kwenye debe, kwani jirani huichukua kupaka nguzo zake zisiliwe na mchwa.

Baada ya hapo inaingia dizeli na brashi ya rangi iliyochakaa. Anapaka, anasubiri, anasugua, anapaka tena. Kwenye kona za pampu anabadilisha brashi, anachukua mswaki. Anamalizia kwa sabuni, na maji anayamimina kwa jagi. Mashine ya kuoshea ya presha ingemaliza kazi hiyo kwa dakika chache, lakini ingesukuma maji ndani ya sili na viungio vya waya, na gari lingeondoka linang'aa likazimika njiani. Kijana anayejifunza kazi kwake anauliza, "Mzee, kwa nini tusiifungue tu?" Anajibu bila kuinua kichwa: "Sijaona cha kuifungulia."

Injini ikishakauka anachukua poda ya mtoto na kuinyunyizia kwenye kila kiungo: chini ya kifuniko cha tapeti, kuzunguka filta, kwenye mshono wa sampu. Anaondoa nailoni na kitambaa, anarudisha betri, anawasha, anaiacha ingurume mpaka ipate moto. Hapo ndipo nilipoelewa usafi wote ule ulikuwa wa nini. Kwenye poda nyeupe, upande wa nyuma wa kifuniko cha tapeti, kinatokea kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha kiberiti. Kinakua, kinapasuka, kinashuka kama uzi ubavuni mwa bloku. Sampu nayo italowa muda si mrefu, na fundi mwenye haraka angeilaumu. Huyu anajua oili hushuka, na upepo wa feni huirusha nyuma. Anatafuta palipolowa juu kuliko pengine pote.

Sasa anasikiliza. Anafungua kifuniko cha oili: mvuke upo, lakini ni mdogo, haupigi kwa nguvu. Ringi zingekuwa zimekwisha, moshi ungemjaa usoni. Kwenye ekzosi hakuna moshi wa bluu, upo mweusi kidogo, na injini inatikisika. Amejikinga mikono na macho, maana dizeli ya presha hutoboa ngozi. Analegeza nati ya bomba la nozeli moja, anaikaza, anahamia nyingine. Kila akilegeza, mngurumo unashuka. Kwenye silinda ya tatu haubadiliki.

Anazima na kumwaga oili ingali vuguvugu, kwenye beseni jeupe. Haina rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia. Filta anaikata kwa mkasi wa bati, kwa sababu msumeno ungeacha unga wake wa chuma humo na kumdanganya. Anakunjua karatasi juani, anapitisha sumaku, kisha anatafuta kwa jicho vile vimetameta vya beringi ambavyo sumaku haivuti. Hakuna.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, anapima tapeti kwa kipimo cha milimita 0.40. Silinda ya kwanza iko juu kwenye mgandamizo: anapima valvu za kuingiza za silinda ya kwanza na ya pili, na za kutolea moshi za silinda ya kwanza na ya tatu. Anazungusha kranki duara moja kwa mkono, anapima zilizobaki. Mbili zimelegea. Anazirekebisha, anakaza nati, anapima tena, maana nati ikikazwa huweza kusogeza kile kilichokwisha kuwa sawa.

Wauza magari husifia injini kwa kusema haijafunguliwa, na kwa hii wangesema kweli. Fundi anamwandikia mwenye gari mahitaji: gasketi ya kifuniko cha tapeti, oili, filta, na nozeli ya tatu ipelekwe kupimwa. Pistoni asinunue.