Jabera Bora Huanzia Shingoni

Mnunuzi wa kawaida wa jabera hutazama ua. Likiwa jekundu la kukolea, pesa imeshatoka. Anayeijua jabera huinama kwanza, kwa sababu ubora wa mmea huu hukaguliwa kutoka chini kwenda juu.

Mbegu. Iliyo njema ni nyembamba, ya kahawia, imejaa, na ina kishungi cha nywele. Ibane kwa ukucha: ikibonyea kama pumba, ni tupu. Uliza imevunwa lini, maana mbegu za jabera hupoteza uhai upesi. Ichomeke ncha chini, kishungi kikichungulia juu ya udongo. Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 huota ndani ya wiki moja au mbili. Kitalu kilichoota kwa mkupuo ni cha mbegu mpya. Kinachotoa mche mmoja leo na mwingine wiki ijayo ni cha mbegu chovu.

Rangi usiahidiwe. Jabera ya porini ni mwenyeji wa Afrika Kusini. Jina lake la kisayansi, *Gerbera jamesonii*, linamkumbuka Robert Jameson, aliyeichukua karibu na mji wa Barberton katika miaka ya 1880. Huko Cambridge, Uingereza, mtaalamu wa bustani Richard Lynch akaichanganya na jamaa yake, na rangi nyingi za leo zina asili ya uchanganyaji wa namna hiyo. Kwa hiyo mbegu za ua la pinki zaweza kukuletea jeupe au la njano. Anayetaka rangi ileile agawe shina la zamani.

Shingo. Hapa ndipo penye hukumu. Majani yote huchomoza mahali pamoja, juu tu ya mizizi, na mahali hapo lazima paonekane juu ya udongo. Pakifukiwa, maji hutuama, kuvu huingia, mche huoza. Shika majani mawili, uyatikise taratibu. Mche ukicheza au jani likichomoka na weusi kitakoni, urudishe.

Jani. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Jabera hupenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Yakianza kupauka yale ya zamani, dai ni naitrojeni. Kasoro zote mbili hurekebishika.

Ua. Tazama katikati. Duru moja au mbili za nje za vijiua vidogo zikishatoa chavua, ua limekomaa kuvunwa. Likivunwa kabla, bua huinama kwenye chombo. Usilikate: lishike karibu na kitako, lipinde upande, ulichomoe lote, kwani kisiki kinachobaki huoza na kuambukiza shingo.

Ukikuta miche miwili, mmoja una maua matano na shingo iliyofukiwa, mwingine hauna hata ua moja lakini shingo ni safi na majani yamesimama, chukua wa pili. Maua ya ule wa kwanza ndiyo mavuno yake ya mwisho. Huu utakuchanulia kwa miaka.