Gari la Moshi na Vituo Vidogo

Watu wengi huisifu reli kwa mwendo wake, na sifa hiyo ni haki. Zamani msafara wa wapagazi ulichukua miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo hata Tabora. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya pwani ikahesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Na mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania lilianza kuendesha gari la umeme toka Dar es Salaam mpaka Dodoma, mwendo wa saa nne hivi. Kazi hiyo ni kubwa, nasi twaisifu. Lakini mwendo si kipimo pekee.

Misafara ilikuwa na maovu yake, na biashara ya watumwa ndiyo iliyopita yote. Hata hivyo ilisimama njiani. Wapagazi walitaka chakula, basi wenyeji wakawauzia mtama na kuku. Reli ya zamani imeirithi tabia hiyo: gari likisimama Goweko au Usoke, vijiji hupata soko na njia ya kwenda mjini. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hatusemi kwamba reli hiyo haina kasoro. Mafuriko ya upande wa Kilosa yameikata mara nyingi, na abiria aliyengoja usiku kucha hashibi kwa kuambiwa avute subira. Lakini dawa ya kasoro ni kutengeneza, wala si kuacha.

Mwaka 2012 yalianzishwa Dar es Salaam magari ya abiria wa mjini, nayo yakajaa watu. Tabora ni njia panda ya reli za Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza. Mbona pasiwe na gari la asubuhi na jioni mpaka Urambo? Watu watasema kuwa abiria wa huku ni wachache. Ni kweli, basi, mabehewa mawili yatatosha kwa kuanzia.

Hofu yetu ni kwamba reli mpya ikifika Tabora, ya zamani itaachwa iote majani. Gari la mbio na liwachukue wenye safari ndefu. La kusimama limchukue mkulima na magunia yake, na mgonjwa aendaye hospitali. Atakaye kujua kama reli yetu ni njema, asiwaulize watu wa Dodoma peke yao. Na aulize Usoke pia.