Aasif Karim na Hila ya Mpira Usio na Kasi

Sisi wakazi wa Tanga, ambao alasiri zetu za michezo aghalabu huishia Mkwakwani kutazama kandanda, hatuna budi kuvuka Horohoro kwa fikra hadi Mombasa tukitaka kuichambua mojawapo ya kazi nadhifu kabisa zilizopata kufanywa na mwanamichezo wa mwambao huu, nayo ni ile ya mrushaji wa kriketi Aasif Karim, mzaliwa wa mji huo, dhidi ya Australia, huko Durban, tarehe 15 Machi 2003.

Alikuwa na umri wa miaka 39, amekwisha kustaafu baada ya kuiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, kisha akaitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003 (na ni yeye huyu aliyewahi kuichezea Kenya tenisi katika Davis Cup). Kenya ilikuwa imepata mikimbio 174 tu, na Adam Gilchrist wa Australia, kwa mipira 43, alikwisha kujichumia 67.

Hila yake ilikuwaje? Mpira wa kasi humkopesha mpigaji nguvu, naye huielekeza atakako. Lakini wa Karim, uliorushwa polepole kwa mkono wa kushoto, ulimfikia mikono mitupu, ukielekea vijiti alivyovilinda, si mfupi hata mtu arudi nyuma akaukata, wala si mrefu hata aufuate akauinua, basi auachaye ahatarisha vijiti vyake, na aupigaye sharti atoe nguvu zote mwenyewe. Ponting, nahodha wa Australia, ulimgonga mguuni mbele ya vijiti, akatolewa, Lehmann akadakwa, Hogg akamrudishia Karim mwenyewe mikononi. Australia, waliokuwa na 109 kwa wiketi 2 (yaani wapigaji 2 wametolewa), wakajikuta na 117 kwa wiketi 5.

Hesabu ya Karim ilikuwa ova 8 (ova moja ni mipira 6) na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3. Na katika ova hizo, 6 zilikuwa tupu, yaani mipira 36 isiyozaa hata mkimbio mmoja.

Wako wadaio kwamba Waaustralia walidharau. Siafiki, kwani mwenye dharau hupiga ovyo, ilhali hawa walikuwa wakizuia, mpira baada ya mpira, kwa hadhari isiyo desturi yao. Symonds na Harvey ndio waliokamilisha ushindi wa wiketi 5. Karim akatunukiwa heshima ya mchezaji bora ingawa upande wake ulishindwa, na mashindano yalipokwisha, akastaafu tena.