Tupa, bikari na meno 223

Chukua bikari na kipande cha bati, ujaribu kugawa duara katika sehemu 223 zilizo sawa. Zingekuwa 224, ungeanza kwa nusu, ukaenda robo, ukaenda thumuni, na kazi ingekuwa nyepesi. Lakini 223 haigawanyiki kwa namba yoyote ila 1 na yenyewe. Inakubidi ufungue bikari kwa kukisia, utembee nayo ukingoni hatua kwa hatua, na ukirudi pale ulipoanzia uone umezidi au umepungukiwa. Kisha unafinya miguu ya bikari kiasi cha unywele na kuanza upya. Ukifaulu, ndipo unashika tupa na kuchonga meno, kila moja likiwa na nafasi ya milimita moja na nusu tu.

Fundi mmoja wa Ugiriki alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mashine yake ilizama na meli karibu na kisiwa cha Antikythera. Wapiga mbizi wa sifongo waliitoa baharini mwaka 1901, ikiwa donge la kutu, na mwaka uliofuata mwanaakiolojia Valerios Stais akaona gia ndani yake. Leo ni vipande 82 katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens, na gia zilizobaki ni 30. Mshiko ulipozungushwa ubavuni mwa sanduku lake, mishale ilionyesha jua lilipo, mwezi ulipo, na miezi ambayo kupatwa kwao kungeweza kutokea.

Naandika haya nikiwafikiria watu wa Baraka na wa vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, vinavyopakana na Ziwa Tanganyika. Huku mwezi ndio unaopanga kazi. Wavuvi wa ndagala hutoka na taa zao usiku wa giza, kwa sababu samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, taa hukosa nguvu, na watu hukaa ufukweni wakishona nyavu. Anayeishi hivyo ataielewa haraka mashine ya kuuhesabu mwezi.

Hesabu yenyewe iko kwenye meno. Kila fundi wa pikipiki pale mjini anajua kwamba gia ya mbele yenye meno 14 ikivuta ya nyuma yenye meno 42, ya mbele itazunguka mara tatu ili ya nyuma izunguke mara moja. Mgiriki alifanya vivyo hivyo kwa ngazi tatu: gia ya meno 64 inasukuma ya 38, ya 48 inasukuma ya 24, ya 127 inasukuma ya 32. Ukizidisha na kugawanya, unapata 254 kwa 19. Katika miaka 19 mwezi huizunguka mbingu mara 254, na katika muda huohuo miezi miandamo ni 235. Ndiyo sababu jua lilipatwa tarehe 3 Novemba 1994 kule Amerika ya Kusini, likapatwa tena tarehe 3 Novemba 2013, alasiri ile ambayo sisi pia tuliliona limemegwa, na litapatwa kwa sehemu tarehe 3 Novemba 2032. Mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price ndiye aliyeifumbua hesabu hii ya gia, kwa picha za eksirei alizopigiwa na Charalampos Karakalos, na akaichapisha mwaka 1974.

Kwenye karatasi hayo yanatosha. Mimi nawaheshimu zaidi waliokataa kuishia kwenye karatasi.

Michael Wright, aliyekuwa msimamizi wa mitambo katika Science Museum ya London, alianza kuvipiga picha vipande hivyo mwaka 1990 pamoja na Allan Bromley wa Chuo Kikuu cha Sydney. Kisha akaingia karakana ya nyumbani kwake na kuijenga mashine kwa zana za mkono. Picha ya kompyuta haikatai kitu: gia mbili zikigongana, unazisogeza. Shaba hukataa. Aliyeikata gia mwenyewe anajua kipi kinawezekana kwa tupa na kipi ni ndoto ya mchoraji.

Chris Budiselic wa Cairns, Australia, alirudi nyuma zaidi. Kabla ya kukata gia alitengeneza tupa zenyewe, akichanja mistari yake mmoja baada ya mwingine kwa patasi, kisha akakikomaza chuma kwa moto. Mhunzi yeyote wa huku anayegeuza springi ya gari kuwa kisu angemwelewa bila mkalimani. Na uvumilivu huo ulizaa elimu mpya. Mashine ina pete ya kalenda yenye vitundu vidogo, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba vilikuwa 365. Budiselic alikuwa akipima kipande kilichobaki ili achonge pete yake, na vipimo havikuikubali namba hiyo. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichapisha 354, yaani miezi 12 ya mwandamo, mwaka uleule unaoifanya Ramadhani isogee nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2024 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipiga hesabu kwa njia yao, wakapata 354 au 355. Mjadala haujaisha, lakini uliamshwa na mtu aliyetaka kutoboa vitundu mahali pake sahihi.

Ila sehemu ninayoirudia kuliko zote ni ya pini. Gia mbili za meno 50 zimelaliana. Moja ina pini, nyingine ina mwanya ambamo pini hiyo hupita. Vitovu vyake vimeachana kwa milimita moja na ushee. Basi ya kwanza ikizunguka kwa mwendo mmoja, ya pili hukimbia kidogo, kisha husita kidogo, kama mwezi unavyofanya kweli: haraka ukiikaribia dunia, polepole ukijitenga nayo. Wright aliiona pini hiyo, na maana yake ikathibitishwa na kundi la mtafiti Tony Freeth mwaka 2006. Tundu likikosewa nusu milimita, mwezi wa mashine hauendani tena na wa angani.

Na zimebebwa na nini gia hizo mbili? Na ile ya meno 223. Namba hiyo ni ya kupatwa: baada ya miezi miandamo 223, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8, kupatwa hurudi. Kule kwa 1995 kulionekana India na Vietnam. Kwa 2013 kukapita Kongo, Uganda na Kenya. Kwa tarehe 14 Novemba 2031 kutapita Pasifiki, kwa kuwa saa 8 za ziada huipa dunia nafasi ya kugeuka theluthi moja. Gia ileile iliyopimwa kwa ajili ya kupatwa ndiyo inayouzungusha polepole mwendo usio sawa wa mwezi. Gia moja, kazi mbili, na hakuna jino lililopotezwa bure.

Upande wa mbele, uliokuwa na sayari, gia karibu zote zimepotea. Wright alijenga sayari zake kwa namba alizoziona zinafaa. Baadaye maandishi ya kifuniko yakasomeka: mzunguko wa miaka 462 kwa Zuhura, wa miaka 442 kwa Zohali. Freeth na wenzake wa London wakapendekeza mpangilio mpya mwaka 2021, na anayetaka kuujaribu itambidi afungue tena bikari.