Mcheza Kwao Hutuzwa?

Tamthilia ya Namık Kemal, *Vatan yahut Silistre*, yaani "Nchi Yetu au Silistre", ilichezwa Istanbul tarehe 1 Aprili 1873, katika jumba la Gedikpaşa. Ni kisa cha Zekiye, msichana avaaye nguo za kiume ili amfuate mpenzi wake vitani kuitetea ngome ya Silistre. Kama mchezo una upungufu: wahusika huhutubu mahali pa kuzungumza. Hata hivyo watazamaji waliushangilia hata barabarani, na serikali ikampeleka mtunzi kifungoni Magosa, kisiwani Kupro.

Lakini tazama, msomaji, ni nani waliokuwa jukwaani. Mkuu wa kundi, Güllü Agop, alikuwa Mwarmenia. Mwaka 1870 alipewa haki ya miaka 10 ya kuonyesha peke yake tamthilia za Kituruki mjini humo. Wanawake wa Kiislamu hawakuruhusiwa kuigiza, hivyo Zekiye naye aliigizwa na Mwarmenia. Basi mapenzi ya nchi yalifundishwa kwa vinywa vya watu ambao lafudhi yao ilichekwa katika michezo ya vivuli ya Karagöz. Kuanzia 1915 Waarmenia wa dola hiyo walifukuzwa makwao na kuuawa kwa wingi.

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba tamthilia isomwe pamoja na majina ya wachezaji wake. Wahenga walinena, mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza kwao. Anayeusifu mchezo huu bila kuwataja amemlipa mtunzi, akawadhulumu wachezaji.